Mwimbaji Aliyetoweka Upande Mmoja

Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alimtumia kicheza muziki kidogo kama kiberiti, kimejazwa nyimbo mia mbili za zamani. Hedifoni hakutuma. "Mama, hizo nenda ukajaribu mwenyewe," aliandika kwenye kikaratasi. "Kila kichwa na kipimo chake."

Wateja walimwita Mama Unga, maana kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiendesha mashine ya kusaga nafaka. Alisimama palepale siku zote, ubavu wa kushoto ukielekea mota, mkono wa kulia ukipokea ndoo. Ndani ya chumba kile maneno hayakuwa na kazi. Watu walisema kwa vidole. Kimoja: saga mara moja. Viwili: rudia. Kiganja kikipepea: toa pumba. Jioni alijikung'uta mlangoni, kope nyeupe pe, akaenda zake nyumbani.

Siku yake ya mapumziko akaenda duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa uzi. Alimpa kwanza zile ndogo za kuchomeka sikioni. Zikateleza, zikaning'inia shingoni kama mkufu. Akampa kubwa za kufunika sikio zima. Zikambana juu ya kilemba kama koleo.

"Hizi laini je?" Mama Unga aliuliza, akigusa jozi nyingine yenye sponji.

"Hizo bei yake iko juu kidogo, mama. Lakini ni za kudumu."

"Na mimi nitadumu kwa kula nini?"

Muuzaji akacheka, akamtolea za plastiki, za bei ya chini. Walizijaribu kwa redio ya dukani. Mtangazaji alikuwa akisoma habari, akasikika safi kabisa. Mama Unga akalipa, akaondoka amefurahi.

Nyumbani alitafuta wimbo mmoja alioupenda tangu usichana wake, wa kijana anayemsihi mpenzi wake asipande treni. Magitaa yakaanza. Ngoma zikaingia. Akasubiri kijana aimbe. Akasubiri tena. Magitaa yalikwenda, yakarudi, yakapambana, wimbo ukaisha. Kijana hakutokea.

"Baba watoto," alimwita mumewe, fundi mstaafu wa kujalidi vitabu, "hebu sikiliza. Mwimbaji wamemtoa."

Mumewe akavaa. Punde akaanza kutikisa kichwa, kisha akafumba macho na kuimba yeye mwenyewe, "Usipande, usipande..."

"Unaimba kwa kukumbuka au unamsikia?"

"Namsikia! Huyu hapa analia machozi."

Mama Unga akazinyakua, akavaa. Magitaa matupu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mumewe akatania. Mama Unga akanuna. Aliona anachezewa shere ndani ya nyumba yake.

Kesho yake aliomba ruhusa ya saa moja kazini, akarudi dukani. "Hizi hazina mwimbaji," alisema, akiziweka juu ya kaunta.

Muuzaji alizivaa, akasikiliza, akamtazama kwa wasiwasi. "Mama, mwimbaji yupo."

"Kwako yupo. Kwangu hayupo."

Muuzaji hakutaka ubishi. Akamtolea jozi nyingine, za kukunja, nafuu vilevile. Safari hii walijaribu kwa kicheza muziki chenyewe, na loo! Kijana huyo akaja mzima mzima, sauti yake ileile yenye mikwaruzo. Mama Unga alijawa na furaha hata asiulize magitaa yamekwenda wapi. Akabadilishana, akaongeza kidogo, akaondoka mbio.

Alipofika nyumbani akazikunjua, akavaa. Mwimbaji ametoweka. Magitaa yamerudi.

Alikaa kitandani na hedifoni mapajani, akiziangalia kama mtu anayeangalia paka aliyezungumza. Alijaribu wimbo mwingine: tarumbeta zilipigwa, lakini waitikiaji hawakuitikia. Akajaribu wa tatu: mwanamke aliuliza swali, mwanamume hakujibu. Mumewe alizisikia nyimbo zote tatu nzima nzima, na safari hii hakutania. Mama Unga akaanza kujiuliza kama ni akili yake inayopotea. Mama yake mzazi alianza hivihivi, kwa kusikia vitu ambavyo wengine hawasikii. Yeye sasa hasikii vitu ambavyo wengine wanasikia. Alijiuliza lipi ni baya zaidi.

Mara ya tatu alikwenda na mumewe. Muuzaji alimwambia avae bila haraka, kisha akamtazama kwa makini.

"Juzi waya ulining'inia kulia kwako," alisema. "Leo uko kushoto. Hebu zigeuze."

Akazigeuza. Mwimbaji akaja. Akazigeuza tena. Akaondoka.

"Nyimbo hizi za zamani," muuzaji alieleza, "baadhi zilirekodiwa mwimbaji upande mmoja, vyombo upande mwingine. Wanakutana kichwani mwako." Alichukua kipande kimoja cha hedifoni, akakibandika kwenye sikio la kushoto la Mama Unga peke yake.

"Washa basi," Mama Unga alisema.

Muuzaji akamgeukia mumewe.

"Si uwashe?"

"Mama Unga," mumewe alisema taratibu, "imewaka. Hata mimi naisikia kutoka hapa nilipo."

Alishika kaunta. Miguu haikumuuma, kichwa hakikumuuma, hakuna kilichobadilika mwilini mwake tangu asubuhi. Na bado alijiona kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho amekuwa akipita mlangoni pake bila kujua. Sikio lile lilikufa lini? Mwaka gani? Mbona hakusikia likifa?

Zahanatini, daktari alimpima kwa mashine yenye milio midogo. Neva za sikio lile zimechakaa kwa kelele, alimwambia, na hazitarudi. Lililobaki alitunze: azibe masikio kazini, na muziki usipite nusu ya sauti. Mama Unga aliitikia kila neno bila kulishika, kisha akiwa mlangoni akamwuliza mumewe, "Amesema lipi ndilo zima?"

Waliporudi dukani, muuzaji ndiye aliyepata njia. Alibonyeza ndani ya kicheza muziki, akapekua orodha ndefu, akakuta mahali pa kuunganisha pande zote mbili kuwa sauti moja. Kisha akamvalisha zile laini zenye sponji, akampunguzia bei bila kuombwa. Hazikubana kilemba wala hazikuteleza. Mwimbaji na magitaa wakaingia pamoja kwenye sikio la kulia.

"Vipi?" mumewe aliuliza.

"Wamejazana," alisema. Hakujua kama anapenda. Hata hivyo alizinunua.

Lililomsumbua siku zile halikuwa muziki. Alianza kuwapitia watu mmoja mmoja. Mumewe, ambaye yeye alimdhani ananong'ona kwa makusudi wakitembea. Na zaidi, jirani yake fundi cherehani, ambaye kibaraza chake kilikuwa kushoto mwa njia yake ya kazini. Miaka mitatu sasa walipitana kama magogo, bila salamu. Mama Unga alikuwa na hakika mwenzake ameota mapembe. Sasa aliwaza: huenda alinisalimu asubuhi zote zile, nami nikapita kama mfalme.

Siku moja alikata njia, akamwendea fundi upande ambao sikio zima lingemwelekea. "Shoga yangu, nimekuja kuomba radhi. Ulikuwa ukinisalimu sikusikia. Sikio hili limekufa."

Fundi akasimamisha cherehani. "Pole sana! Lakini mimi sikuwa nakusalimu."

"Hukuwa?"

"Nikishona hata nyumba ikiungua sioni. Mume wangu analalamika kila siku." Akamsogezea kigoda. "Kwani tulikuwa tumenuniana?"

Mama Unga akakivuta kigoda. "Sijui," alisema, akaketi.

Fundi aliulizia zile hedifoni shingoni mwake. Akazivaa, akasikiliza wimbo mzima, akakunja uso.

"Nzuri," alisema. "Ila huyu kijana analilia nini? Si na yeye apande treni?"