Viatu Juu ya Kabati

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumanne ya baridi kali kule Temple Hills, nilipofikia nilipokuja ughaibuni huku, nami binti wa miaka ishirini na sita, kichwa kigumu, najiona najua kila kitu. Weka simu chini kwanza. Hili sitalirudia.

Nilikuwa natunza wazee sita katika nyumba moja ya kulelea wazee. Mmoja aliitwa Don Anselmo, mzee wa El Salvador, zamani seremala, akili zimeanza kumtoka. Kila ikifika saa kumi alasiri alisimama mlangoni na soksi zake, akiomba zapatos. Alitaka kwenda kwake. Kwake kulishauzwa na mkewe alishazikwa, lakini nani angemweleza?

Usije ukadhani sikuelewa. Mama Beatrisi, Mkongo aliyekulia Kinshasa na mkubwa wangu kazini, alinieleza siku ya kwanza: hivyo ni viatu, hata kwao wanasema sapato, neno waliloachiwa na Wareno. Mbrazili aliyekuwa akitufulia naye akasema kwao ni sapato. Neno limezunguka dunia likaja kukutana na ndugu zake jikoni kwetu! Tulicheka sana siku ile.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu Tanga, mgeni tukimpenda, sisi watoto tulimfichia viatu asiondoke. Anatafuta, anacheka, analala siku ya pili. Basi nami nikachukua viatu vya Don Anselmo, vyeusi vya kufunga kamba, nikaviweka juu ya kabati. Nikajiona mjanja. Akiomba, najifanya sisikii. Aliomba siku tatu, sauti ikizidi kupungua. Ya nne hakuomba.

Nikafurahi, nikajua amezoea. Nilikuwa namlisha mwenzake supu. Kugeuka, mlango uko wazi na theluji inaingia.

Mwanangu, hofu ile sijui niisemeje. Nilitoka bila koti nikafuata nyayo, na zilikuwa nyayo za soksi, vidole vinaonekana. Zilifika barabara kubwa zikapotea, magari yanapita kwa kasi, giza linaanza kuingia. Niliogopa atakufa. Niliogopa polisi, niliogopa kurudishwa kwetu, kisha nikaona aibu kwamba hata pale najifikiria mimi. Nikaita jina lake mpaka sauti ikakauka.

Mama Beatrisi ndiye aliyemwona, amekaa kituo cha basi, midomo imebadilika rangi, soksi zimegandana na miguu. Alikuwa hai. Akaniangalia, akasema taratibu, "Zapatos," kana kwamba bado ananiomba. Hospitali walimkata vidole viwili vya mguu.

Mama Beatrisi hakunigombeza mbele ya watu. Alinivuta pembeni, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, ungekuwa hukumwelewa ningekusamehe. Ulimwelewa. Yule papa, yule mzee wetu, alikuomba kitu kimoja tu. Ungemvalisha, mkazunguka nyumba pamoja, angechoka akarudi mwenyewe."

Kazi niliachishwa, na nilistahili. Mpaka leo nikisikia watu wa kwao Don Anselmo wakilitaja neno lile dukani, moyo unanipasuka.

Utauliza kwa nini nakusimulia leo. Juzi, humu humu ndani, hapa Laurel tunapoishi, nilitafuta viatu vyangu vya kutokea, nikaviona juu ya kabati. Mkono wangu haufiki pale, mwanangu. Na ninajua kwamba juma lililopita nilipotea nikitoka dukani, jirani ndiye aliyenirudisha. Usininunie, sikulaumu. Umeogopa kama nilivyoogopa mimi siku ile. Mimi naogopa kuliko wewe, maana ni mimi ninayeondoka kidogo kidogo.

Basi lishike hili. Siku nitakayosahau hata jina lako, nikasimama mlangoni naomba viatu, usinifichie, wala usijifanye hunisikii. Nijibu, hata kwa Kiingereza chako hicho. Nivalishe, funga kamba vizuri, vaa na vyako, twende wote mpaka nichoke. Nitarudi nawe.

Mungu akupe watoto watakaoinama kukufunga kamba uzeeni kwako, na mlangoni kwako asikosekane mtu wa kutoka nawe. Haya, leta kiti. Niteremshie viatu vyangu.