Kamera Iliyoingia Uani bila Hodi

Siku ile tulikuwa wanne. Miye mwenye nyumba, hapa Wambaa. Mwanangu wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mkoani. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ua wake na wangu umegawanywa na ukuta mmoja. Na binti wa marehemu kaka yangu, anayetengeneza kompyuta katika ofisi moja Chake. Majina yao ninayo, na ya baba zao na babu zao, na nikiulizwa ntayataja bila kumeza mate. Hapa siyaandiki, kwa sababu jambo lenyewe ni la ndani ya ua, na walioniruhusu kulisema wameniruhusu bila majina.

Tulikutana kwa jambo moja tu: kama nimeanza kuchanganyikiwa au la. Mwanangu alikuja na gari kunihamishia kwake. Miye nilikuwa nimeshamwambia sihami.

Chanzo ni kamera. Nilianguka uani nikateguka mguu, mwanangu akaingia hofu. Akaleta kamera nyeupe, imeviringana kama kichwa cha mtoto, akaitundika juu ya mlango wa jiko. Inageuza shingo, na inasema. Yeye yuko dukani Mkoani, ananiona kwenye simu, ananiuliza, "Mama, dawa umekunywa?" Niliikubali kwa sharti moja: kabla hajatazama apige simu, aseme hodi, tupate kujifunika. Na alikuwa akifanya hivyo, simnyimi haki yake. Alipiga hodi kila siku, na kila siku nilimwambia karibu.

Sasa kamera ile inataka intaneti. Akaleta kiboksi, akakiweka chumba cha mbele, na juu yake ukutani akabandika karatasi ya herufi kubwa. Miye nimesoma chuo cha Kurani, herufi za skuli nazijua polepole. Nikaisoma mstari wa kwanza: jina la wifi. Nikamwambia, "Mwanangu, wifi yangu haitwi hivi." Akacheka mpaka akakaa chini. Mstari wa pili ulikuwa neno la siri. Siri hiyo ikakaa ukutani, na kila mgeni aliyeingia akitaka maji alipewa maji, akitaka intaneti alionyeshwa ukuta. Ndivyo nilivyolelewa, mgeni hanyimwi kitu.

Ukaja msimu wa karafuu. Asubuhi moja miye na wifi yangu tumekaa jamvini uani tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, vichwa wazi kwa joto. Kamera ikageuza shingo. Ikanitazama miye, ikamtazama wifi yangu, ikarudi kwangu. Kisha ikakohoa. Kikohozi cha mwanamume, na baada yake kicheko kidogo. Hodi hakuna.

Nilivuta kanga nikajifunika, nikachukua kawa lililofunika chakula, nikaliinua kwa mpini wa fagio mpaka likaimeza kamera yote. Ndipo nikampigia mwanangu.

"Umetuchungulia bila hodi?"

"Mama, tangu asubuhi napakua saruji. Simu iko kwenye chaji."

"Basi nani kakohoa?"

"Kamera haikohoi, mama."

Akampigia shangazi yake amuulize. Na wifi yangu, aliyekuwa amekaa na miye goti kwa goti, akasema hakusikia kitu. Nilimtazama, akainamia karafuu zake. Wiki haikwisha, ukoo mzima umeshaambiwa kwamba bibi anasikia sauti.

Haya. Walipopanga siku ya kunichukua, miye nikampigia binti wa kaka yangu aje siku hiyo hiyo na vyombo vyake vya kazi.

Alikaa mbele ya kiboksi, akafungua kompyuta. "Shangazi, humu mmejaa simu za watu. Nyingi zina majina ya wenyewe. Nikusomee?"

"Soma."

Akasoma, nikajibu. Huyu mjukuu wa fundi cherehani, alileta nguo za Idi. Huyu alikuja hitima ya kila mwaka ya mume wangu, kwao Wingwi, mamake alikuwa na mwanya. Huyu muuza samaki, alingoja mvua ipite. Kila jina nililipa baba na sababu ya kuja. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akaanza kusogea ndani.

Likaja moja ambalo si jina, ni herufi na tarakimu tu. "Hili lilikuwemo asubuhi ile," binti wa kaka akasema, "na limeingia mpaka kwenye kamera."

"Hilo silijui."

"Weye hulijui?" mwanangu akauliza.

"Silijui. Na miye kuanzia hapa mpaka Wingwi utanitafutia jina nisilolijua."

Bado akawa na maneno, kwamba pengine ni kamera imejikosea yenyewe. Binti wa kaka hakubishana naye. Alichukua karatasi akaandika makosa aliyoyakuta, akaiweka juu ya meza. Wifi yangu akavaa miwani, akaichukua, akasoma kwa sauti yake ya darasa la watu wazima:

"Kwanza. Wifi iko wazi, kila mpita njia anaingia."

Akavua miwani. "Nani yuko wazi?"

"Bi, hiyo ni waifai," binti wa kaka akasema.

"Usinigeuzie ulimi. Imeandikwa wifi, na wifi humu ndani ni miye. Mjane miaka yote hii, nani anaingia kwangu? Aliyeingia ni huyo aliyekohoa kwenye kamera. Miye nilinyamaza kwa haya, maana kichwa kilikuwa wazi. Kichwa, si mlango."

Mwanangu akasema taratibu, "Kumbe ulisikia, shangazi."

"Nilisikia kikohozi na kicheko. Mwachie mamako nyumba yake."

Nikamuuliza mwanangu ni nani sasa aliyechanganyikiwa. Akazitia funguo za gari mfukoni. Binti wa kaka akaendelea na la pili: kamera ilikuwa bado na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, lile lile kwa kila kamera ya aina yake, na wanaolijua hawahesabiki. "Na kamera za dukani kwako, kaka, ulibadilisha?"

Akaichukua ile karatasi kuisoma mwenyewe.

"Kaka, za dukani?"

"Zilikuja pamoja na hii," akasema, akatoka nje kupiga simu zizimwe.

Karatasi ya ukutani niliichana mwenyewe. Wageni wakafanyiwa mlango wao wa pembeni ndani ya kiboksi, intaneti wapate lakini kamera wasiifikie. Neno la siri jipya nimelitunga miye: nimeunganisha majina ya watu watatu waliokufa kabla ya hawa wote kuzaliwa, ambao hakuna anayewakumbuka ila miye. Halikuandikwa popote. Waliosema kichwa changu kinavuja wajue sasa siri ya nyumba imo humo. Kamera nayo imehamishwa, inatazama mlango wa nje. Uani nikianguka nitamwita wifi yangu ng'ambo ya ukuta. Gari lilirudi Mkoani na vikapu viwili vya mhogo. Miye halikunichukua.

Intaneti ilipowakatikia kwa lile neno jipya, watu walikuja mmoja mmoja. Walipiga hodi, wakaomba neno, wakapewa la wageni. Mmoja hakuja. Alikuwa akikaa kwenye baraza yangu ya nje kila asubuhi, kichwa kwenye simu, na sasa anapita njia ya nyuma. Jina lake ninalo, na la babake, na la babu yake aliyekuwa mtu wa haya.

Mkiona nimekosea palipo na karafuu nikasema pana mhogo, au nimemtanguliza aliyekuja nyuma, nisahihisheni, sitachukia. Na yeye, kama nimemdhania vibaya, aje anisahihishe mwenyewe. Ila apige hodi kwanza.