Jirani Aliyeua Tumbusi

Juzi nimerudi Butiama kutoka kwa mwanangu anayekaa mjini, Kamunyonge, na kabla sijatua mzigo pua ikajaa. Ng'ombe wa jirani amekufa, amevimba kama ngoma, mbwa wanamgombania. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

Zamani, rafiki yangu, ng'ombe akifa kwa ugonjwa tulikuwaga tunamburuta hadi kwenye mawe ya kilimani. Bibi anampasua tumbo kwa panga, maana ngozi ya ng'ombe inawashinda hata tumbusi. "Hao ndio wanaotuzikia ugonjwa," alisema. Sisi watoto tunakaa mbali, ugali wa muhogo na dagaa mkononi, tunasikiliza mabawa yakishuka kama mtu anakung'uta mkeka. Walipigana, wakatukanana kwa sauti za kukwaruza. Jioni imebaki mifupa tu, mbwa wakija hawakuti kitu.

Kisha fisi akala mbuzi wa jirani huyuhuyu. Jirani akachukua dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu, akaimwaga kwenye mzoga tuliouacha kilimani. Bibi alimsihi mpaka akapiga magoti.

"Mama, na ndege nao unawaonea huruma?" akamjibu, akicheka.

Fisi hakuguswa. Tumbusi ndio waliolala juu ya mawe yote, mabawa wazi.

Mizoga iliyofuata ikaliwa na mbwa. Wakaongezeka, wakazurura makundi kwa makundi, kichaa kikawaingia. Mmoja akamng'ata mdogo wangu akitoka kuchota maji. Mtoto aliogopa maji mpaka akafa. Jirani alikuja msibani, akala ugali wetu, akanawa, akaondoka.

Tangu hapo shikamoo yangu hajaipata. Na leo amekuja na mkongojo.

"Mwanangu, vijana wangu wote wako mjini. Nipe wajukuu wako wanichimbie shimo la ng'ombe."

"Waite tumbusi."

"Usinifanyie hivyo. Mbwa wataingia mpaka ndani."

"Si uliwaleta mwenyewe? Wakaribishe, wape na kiti."

Alitazama juu muda mrefu. Hakuna kitu kinachoruka. Akaegemea mkongojo, nami sikumpa kigoda.

Wajukuu nimewafungia ndani kwa sababu ya hao mbwa. Wananiuliza tumbusi anafananaje, na mimi niliyekulia chini ya mabawa yao sina hata mmoja wa kuwaonyesha. Harufu imeingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Nala hivyohivyo. Shimo achimbe mwenyewe.