Treni Yenye Kibao Chekundu

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Changamwe ilinipeleka Japani wiki tatu nikasomee ufundi wa kreni. Mama aliitangazia Chaani nzima, mtaa wetu. Hata muuza mbaazi alijua kwamba nikirudi na cheti nitakuwa msimamizi wa karakana. Kufika huko nikapewa sharti moja: ukichelewa darasani mara tatu, cheti huna.

Kutoka hosteli hadi darasani tulikwenda kwa treni, na treni zilikuwa za aina tatu. Moja husimama kila kituo, hata kile chenye benchi moja na paka. Ya pili huruka vituo vidogo. Ya tatu, yenye kibao chekundu, husimama vituo vikubwa tu, vingine inavipita bila hata salamu. Kuuliza si ujinga, husema watu. Mimi nikauchagua ujinga. Fundi wa miaka kumi na tano kazini, nikakata shauri kwamba ile nyekundu ni ya mabwana na tiketi yake haishikiki. Nikapanda ya kila kituo.

Nayo ilikuwa na adabu zake. Katikati ya safari ilijiweka kando, ikafungua milango na kungoja nyekundu ije upande wa pili wa jukwaa, ichukue watu wake, itangulie. Mimi nimetulia kitini, mikono nimeikunja, najiona mtu wa heshima. Nikitoka hosteli mapema niliwahi kwa shida; nikikawia kidogo, basi. Wiki ya kwanza nikachelewa mara moja. Ya pili nikachelewa tena. Mwalimu aliniinamia kwa upole, kisha akaandika kwenye daftari lake, na ule upole ulinikera kuliko matusi.

Wiki ya mwisho, treni yangu ikiwa imepisha kama kawaida, watoto wa shule walishuka kutoka behewa langu, wakavuka jukwaa hatua nne na kuingia nyekundu. Mmoja alikuwa bado anatafuna mkate. Niliwatazama, wala sikunyanyuka. Nilijiambia hao lazima ni watoto wa mawaziri.

Siku hiyo nilichelewa mara ya tatu. Mwalimu aliniuliza kwa nini sipandi ya haraka.

"Tiketi ni hiyo hiyo uliyo nayo," akasema. "Kila mtu hupanda."

Nilirudi Chaani na kalenda ya zawadi. Mama alikuwa barazani akichagua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Nilitaraji atacheka.

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza, mama."

"Kwani?"

"Nilidhani si yetu."

Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo hadi nikaona haya.

"Ulipokuwa mdogo, ukiwa na homa," akasema, "tulikuwa tukifika zahanati alfajiri. Wakija wenye magari nakuvuta kando, wapite mbele. Wallahi hakuna aliyeniambia niwapishe." Akauweka ungo chini. "Hayo hukuyasomea Japani, mwanangu. Nilikufunza mie."