Ushauri wa Ouri kwa Wanaoshuka Genge

Kwa miaka kumi na tisa Ouri Baldé aliwashusha wageni kwenye genge letu la Futa Jalon, na hakumshusha mtu kabla ya kumkalisha kwenye benchi la mama muuza fonio, ile nafaka yetu ndogo, na kumpa masharti. Usije mwezi wa nane, mvua inakula njia. Noti kubwa zivunje hukohuko mjini Labé, huku hakuna mwenye chenji. Zawadi ya wenyeji lete kokwa za kola, siyo peremende. Hayo mabuti yaache, nunua sandali za plastiki. Ngazi zetu ni za miti na kamba za mwituni, mguu unataka kujua unakanyaga nini.

Sharti lililowachosha wageni lilikuwa moja: kila nyumba unayopita, simama, salimia, taja jina lako na la mama yako.

Mwaka ule alikuja mwalimu wa kike wa jiografia kutoka Senegali, Siga Sène, Mserer. Waserer na sisi Wafulani ni watani, basi hata benchi halijapata joto walishaanza.

"Tangu lini mtumwa akamtangulia bwana wake njiani?" Siga alimuuliza.

"Tembea, mla mchele wewe. Ng'ombe wangu wanakuzidi akili."

Wakateremka. Kwenye vibaraza vya genge kuna nyumba chache chache, na Ouri hakuruka hata moja. Kufika ya saba, kwa bibi Tokora, Siga alichoka.

"Kaka Ouri, tutafika kweli? Bibi kaniuliza habari za mama, za baba, sasa anauliza za mbuzi."

"Si umjibu."

"Sina mbuzi!"

"Basi mwambie hawajambo."

Bibi Tokora alicheka mpaka akashika kiuno.

Kwenye ngazi iliyofuata kipago kilikatika. Ouri alianguka kimo cha watu wawili, na mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti. Simu haikushika mtandao. Siga alivua kilemba chake, akaufunga mguu kwa vijiti viwili, akamwachia maji yote, akapanda mbio kurudi kule walikotoka.

Huku kwetu mgeni anayekuja mbio peke yake, watu hufunga mlango kwanza, maswali baadaye. Lakini bibi Tokora alimwona kwa mbali akapaza sauti, "Siga, binti wa Ndiémé! Kuna nini?" Aliposikia, alisimama ukingoni akaita nyumba ya chini, nayo ikaita nyingine. Haikupita nusu saa tulikuwa wanaume wanane na machela ya kamba. Mimi nilibeba nyuma, upande wa kushoto. Tulipanda kwa muda wa saa tatu tukibadilishana mabega, na Ouri, jasho likimtoka kwa maumivu, alikuwa bado anamwelekeza Siga: "Shika mti, usishike kamba."

Hospitalini madaktari walisema kilemba kile ndicho kilichouokoa mguu. Siga alipaswa kurudi shuleni kwake Jumatatu. Akakaa siku tisa. Alimnywesha maziwa ya mgando kwa kijiko, akimwambia kwamba Mfulani akikosa maziwa hufa kabla ya wakati wake.

Mguu ulipona, ila ni mfupi kidogo. Siku hizi anayewashusha wageni ni mpwa wake Idiatou, mwepesi kama swala, na Ouri amebaki na benchi na masharti. Siga humtumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Mtumwa, mguu wangu unaendeleaje? Mimi ndiye niliyeufunga, ni wangu huo." Ouri hulisikilizisha benchi zima, kisha husema taratibu, "Mungu amzidishie yule."

Lakini mimi nakumbuka zaidi mwezi wa nne baada ya ajali. Ouri alichukua fimbo akatuzungukia wote wanane, nyumba kwa nyumba, kola kumi kila mmoja. Nilimsindikiza. Ilimchukua siku mbili. Kwa bibi Tokora alifika anachechemea, akaanza hotuba aliyoiandaa njia nzima.

"Mama, siku ile, kama si wewe..."

"Umeshuka ngazi zote hizo na mguu huo kuja kuniambia asante?"

"Ndiyo, mama."

"Huna akili, mwanangu. Njoo ukae."

Akamsogezea kigoda, akaleta bakuli la mahindi na maziwa, akakaa karibu yake. Ouri hakuimaliza hotuba. Alikula huku machozi yanamdondoka, na bibi akawa anamwongezea maziwa kila bakuli lilipopungua.