Selpher Nalianya na Mauzo ya Jumamosi

Selpher Nalianya ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na mitatu sasa, ndiye anayeweka hesabu za karakana ya Mzee Ochola hapa Kariobangi, ambapo hutengenezwa masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni. Aliajiriwa kwanza kuyapaka masanduku hayo rangi. Uhasibu aliusomea chuo cha ufundi muhula mmoja mmoja, kila alipopata karo, na mwaka aliofanya mtihani wake wa mwisho ndio mwaka bintiye Elsie aliofanya wa darasa la nane. Nyumbani walikuwa wakiazimana rula. Mimi huhesabu bidhaa za ghala, na meza yangu iko kando ya yake, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona.

Mwaka jana, mwenye kiwanja cha karakana aliamua kukiuza. Alimpa Mzee Ochola nafasi ya kwanza: alete barua ya mkopo kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo kiwanja kiende kwa mnunuzi mwingine, na mafundi tisa watafute pengine pa kugonga bati. Sacco, chama chake cha akiba na mikopo, ilikubali kumkopesha kwa sharti moja. Ilitaka hesabu za miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, zilingane na taarifa ya M-Pesa.

Wiki hiyohiyo kompyuta yetu ikaanza kujizima kwa joto. Fundi wa kompyuta, kijana mchangamfu aitwaye Sylvance, alituuzia nyingine kwa bei nafuu. Ile ya zamani ilikuwa ya Windows. Hii ilitumia Linux, mfumo endeshi usiolipiwa. Programu yetu ya hesabu haikukubali kuingia humo, kwa hiyo ilibidi rekodi zote zitolewe kama maandishi matupu, zibebwe kwa flashi, kisha zipokewe na programu nyingine.

"Mathe, hii ni kazi ya chai moja," Sylvance alisema Alhamisi asubuhi. "Data inatoka huku, inaingia huku, tumemaliza."

"Inywe polepole basi," Selpher akamjibu, "isije ikakuunguza."

Kufikia saa sita, rekodi elfu nne na mia mbili zilikuwa zimehama. Jumla ya kila mwaka ililingana na ya zamani hadi shilingi ya mwisho. Sylvance alipiga makofi. Mzee Ochola alivaa koti na kuagiza karatasi zichapishwe, kwa kuwa Celine, afisa wa mikopo wa sacco, alikuwa akitungoja saa tisa.

Selpher hakuchapisha. Nyuma ya mlango wa ofisi ametundika kalenda za miaka yote aliyofanya kazi hapo, moja juu ya nyingine, na hakuna anayeruhusiwa kuzitoa. Alifunua ya mwaka 2023, akaweka kidole, akarudi kwenye kioo cha kompyuta.

"Mzee, tarehe tatu Juni, mwaka 2023, uliuza masanduku arobaini?"

"Kama vitabu vinasema niliuza, basi niliuza."

"Ilikuwa Jumamosi."

Mzee Ochola ni Msabato tangu utotoni. Tangu karakana ifunguliwe, lango halijawahi kufunguliwa Jumamosi, wala simu ya biashara haipokewi siku hiyo.

"Jumamosi?" alisema, akivua kofia. "Mama Elsie, hata ungenipa kiwanja hiki bure, nisingeuza sanduku siku ya Sabato! Unataka kanisa linitenge?"

Sylvance aliangua kicheko. "Kumbe Mzee ukitoka kanisani unapitia dukani!"

"Nyamaza wewe, kabla sijakutia ndani ya sanduku nikakuuza Jumatatu."

Selpher hakucheka. Alipanga rekodi upya, akahesabu. Mauzo mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yameangukia Jumamosi. Ndipo akatueleza, kwa utulivu kama anayesoma risiti. Kompyuta mpya ilikuwa imewekwa kusoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Masanduku arobaini yaliuzwa tarehe sita Machi. Mashine ikasoma tatu Juni. Kuanzia siku ya kumi na tatu ya kila mwezi tarehe zilibaki salama, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Zilizotangulia ziligeuzwa. Na kwa kuwa hakuna hata moja iliyohama mwaka, jumla ya mwaka ilibaki vilevile.

"Si jumla ni sawa, mathe?" Sylvance alisema. "Nani ataangalia Juni?"

"Celine ataangalia Juni. Akikuta Juni ya uongo, atasema sisi sote ni waongo. Na jina lililo chini ya karatasi ni langu."

"Kiwanja kinakwenda kesho adhuhuri!" Mzee Ochola alipaza sauti.

Selpher alichukua simu, akaiweka spika. "Celine, ni Selpher wa masanduku. Vitabu vyangu vina kosa, nami sitavileta kabla sijaliondoa. Nipe kesho asubuhi."

Tulimsikia Celine akivuta pumzi. "Saa tatu kamili, mama. Ukichelewa, siwezi kukusaidia."

Mzee Ochola aliketi juu ya sanduku ambalo rangi yake haikuwa imekauka, wala hakusimama alipogundua.

Sylvance alibadilisha mpangilio wa tarehe. Selpher alimfanya afute kila kitu na kupokea rekodi upya kutoka kwenye flashi. Mauzo ya Jumamosi yakawa sufuri. Hilo halikumtosha. Kompyuta ya zamani iliwashwa ikiwa wazi ubavu, feni ikiipepea, nami nikamsomea mauzo ya miezi thelathini na sita huku akitia alama kwa penseli. Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri alitia sahihi.

Ijumaa saa tatu tulikuwa mbele ya Celine. Alichagua miezi mitano bila kutuambia, akailinganisha na taarifa ya M-Pesa. Yote ililingana.

"Mhasibu wenu ni nani?" aliuliza.

Mzee Ochola, ambaye miaka yote humtaja kama "yule mama wetu wa vitabu", alisimama wima. "Ni huyu hapa. Bi Selpher Nalianya."

Saa tano na nusu mwenye kiwanja alikuwa na barua mkononi.

Hati miliki ilipotoka, Selpher alifungua akaunti ambayo vitabu vyetu havikuwahi kuwa nayo, akaiita Kiwanja. Kisha aliwaita mafundi wote tisa waje kuuona mstari huo kwenye kioo. Waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja alinawa mikono kwanza. Nami nilinawa yangu, ingawa haikuwa na rangi.