Si Mpemba, Yuko Mpemba

Nilisafiri kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nachapa barua za watu kwenye duka la steshenari Mlowo, na jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, nilikusanya picha za zamani za huku kwetu na kuziweka kwenye ukurasa wangu wa intaneti. Kazi hiyo nilijifundisha, kwa kukosea na kufuta. Maelezo ya picha moja niliweza kuyaandika mara kumi na moja.

Kwenye tovuti ya historia inayoendeshwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam nilikuta picha ya mwanamke amesimama barabarani, mikono kiunoni, tenga la ndizi miguuni, roli nyuma yake na kilima kwa mbali. Chini iliandikwa: "Mpemba akiuza ndizi, miaka ya themanini." Nikainakili, na maelezo yake. Nikaongeza sentensi yangu ya kusifu bidii ya wanawake wa kisiwa cha Pemba.

Siku ya pili mtu akaandika chini yake: "Huyo ni bibi yangu, mtu wa Mbebe. Si Mpemba, yuko Mpemba."

Masikio yalinichoma kwa aibu. Mpemba ni pale njia ya Ileje inapoachana na barabara kuu, kabla hujafika Tunduma. Nimepita hapo tangu nabebwa mgongoni. Lakini tovuti ya Dar iliposema, niliiamini kuliko macho yangu. Kile kilima nyuma ya roli nilikiona, sikukitambua.

Nilimwandikia mwenye tovuti arekebishe. Alinijibu kwa upole ulioniudhi: "Dada, wakati huo Tunduma ilikuwa pori na geti la mpaka. Nani angepiga picha huko? Leta ushahidi."

Niliapa kwamba nikiukosa ushahidi huo, nitaufuta ukurasa wangu wote.

Mlowo, saa kumi na mbili asubuhi. Nilipanda Kosta ya Tunduma na begi, kamera ya kuazima na daftari lenye maswali kumi na saba niliyoyapanga usiku kucha.

"Dada, Tunduma?" aliuliza kondakta.

"Mpemba."

"Mpemba kuna nini zaidi ya vumbi?"

"Kuna historia."

"Basi historia ipakate begi lake, limeziba njia."

Watu wakacheka. Nilitaka kumjibu, lakini jibu zuri lilinijia tulipokwisha kupita Vwawa.

Mpemba, saa mbili. Mjukuu aliyeniandikia alikuwa akinisubiri. Anaitwa Atupele, anauza mitumba Tunduma. Nilitembea huku nimeishika picha niliyoichapisha mbele ya uso, nikitafuta kilima, nikigonga watu. Mabati ya vibanda yalikuwa yamekificha.

"Amepotelewa na mume?" mwuza mahindi alimwuliza Atupele.

"Amepotelewa na bibi yangu," akajibu.

Mbebe, Ileje, saa saba mchana. Tulipata lifti ya gari lililopeleka mbolea milimani. Bibi tulimkuta uani akipukuchua mahindi. Nilipiga goti kumwamkia, akaitika "Marahaba, mwanangu," akanisogezea kigoda na hindi, nipukuchue wakati naongea. Nilifungua daftari kwenye swali la kwanza.

"Bibi, siku ile ndizi ulikuwa unauzaje?"

"Nani kakwambia nilikuwa nauza?"

Swali langu la pili lilikuwa la bei ya ndizi; nikalikata kwa kalamu.

"Siku ile sikuuza hata moja," alisema. "Mgambo walikuja wakatuambia tuondoke barabarani. Wenzangu wakaondoka. Mimi nikaweka tenga chini. Dereva wa roli akapiga honi nimpishe, sikumpisha. Akashuka kunigombeza, akaishia kucheka na kunipiga picha."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake wenzangu wakarudi. Unadhani lile soko mnalopita pale lilianzaje?"

Nilifunga daftari. Mikono ile kiunoni nilikuwa nimeisoma kama ya mtu anayengoja wateja.

Aliingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo. Katikati yake kulikuwa na picha ileile, nakala aliyoletewa na dereva. Nyuma, kwa wino wa bluu, dereva aliandika neno moja: Mpemba.

Nilimwomba niende nayo Mlowo nikaiskani.

"Haitoki humu," alisema. "Iliyotoka mwanzo mmeipeleka Pemba."

Niliipiga picha mbele na nyuma. Kamera niliisogeza karibu mno, maandishi yakatoka kama ukungu.

"Hata yangesomeka, yule bwana atasema umeandika wewe," alisema Atupele.

Bibi aliirudisha picha katikati ya nyimbo zake. "Basi aone sura yangu palepale. Kesho tunashuka."

Mpemba, asubuhi ya siku ya pili. Bibi hakutafuta kilima. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya kibanda cha vocha, akageuka, akaweka mikono kiunoni. Juu ya bega lake, katikati ya mapaa mawili, kilima kilikuwepo.

"Bibi, tupishe, unaziba wateja," alisema mwenye kibanda.

"Nilishaambiwa hivyo."

Nilipiga. Nikaangalia. Gurudumu la bodaboda limeingia pembeni, na picha imelalia kushoto.

"Moja tena, bibi, hii imepinda."

"Mimi nimesimama sawa," alisema. "Kama imepinda, ni wewe." Akaondoka kwenda kununua chumvi.

Mlowo, jioni. Niliweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya. Sentensi yangu kuhusu kisiwa niliiacha, nikaichorea mstari katikati ili kila mtu aone nilichofanya. Maelezo mapya niliyaandika mara moja tu: "Mpemba, njia ya Ileje. Hakuwa anauza. Alikataa kuondoka."

Mwenye tovuti alijibu: "Inawezekana." Hakubadilisha kitu.

Zamani jibu hilo lingeninyima usingizi, nikajiuliza nilikosea wapi. Sasa najua kwamba mji wetu haungoji Dar iutambue ndipo uwe umekuwepo, na kwamba mtu hahitaji kupigwa picha iliyonyooka ili awe alisimama pale. Kila Jumatatu namtumia yule bwana zile picha mbili, na maelezo yaleyale. Ile yangu bado imelalia kushoto. Sijainyoosha, na siondoki.